José Diokno: wakili anakwenda kufanya nini katika mahakama inayomwogopa rais?

Swali la msomaji: «Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kituo kidogo, na jioni nasomea sheria. Kwenye semina moja tulitajiwa José Diokno wa Ufilipino, tukaambiwa ndiye baba wa harakati za haki za binadamu nchini kwake. Lakini nilivyoelewa, kesi zake nyingi dhidi ya serikali ya Marcos aliishia kushindwa. Sasa ushindi wake ulikuwa wapi? Alikuwa akienda mahakamani kufanya nini? Na kuna chochote cha kuchukua kwa watu wa ofisi ndogo kama sisi?»

Umeelewa sawasawa. Katika miaka ambayo Rais Ferdinand Marcos alitawala kwa sheria ya kijeshi, Diokno na wenzake walishindwa mara nyingi mbele ya Mahakama ya Juu ya Ufilipino, na baadhi ya hukumu hizo ni kurasa za aibu katika historia ya mahakama ile. Ila ukiipima kazi yake kwa hukumu peke yake, utalikosa lililo kubwa. Kwa Diokno ombi la mahakamani lilikuwa na kazi kadhaa, na kushinda ilikuwa mojawapo tu. Ombi lilimlazimisha kamanda akiri kwa maandishi kwamba mtu fulani yuko mikononi mwake. Liliyaingiza mateso kwenye jalada la mahakama, mahali ambapo askari hawezi kuyachana. Liliwakutanisha ndugu wa waliokamatwa. Na lilimweka jaji mahali pa kuchagua, uchaguzi wake ukaandikwa na kusomwa. Siku alipoona ombi haliwezi kufanya hata moja kati ya hayo, aliomba mwenyewe kuliondoa, nalo lilikuwa ombi la uhuru wake.

Nianze na mtu, kwa sababu kazi yake haieleweki bila kujua alikotokea. Alizaliwa Manila tarehe 26 Februari 1922. Babu yake, Ananias Diokno, alikuwa jenerali wa mapinduzi ya Wafilipino dhidi ya Hispania. Baba yake, Ramon, alikuwa seneta na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu. José mwenyewe alisoma biashara De La Salle, na mwaka 1940, akiwa na miaka 18, akaongoza nchi nzima katika mtihani wa uhasibu. Alipokuwa akisomea sheria vita ikaingia, chuo kikasimama, naye hakuwahi kumaliza shahada. Mahakama ya Juu ilimpa ruhusa maalumu ya kufanya mtihani wa uwakili wa mwaka 1944, akashika nafasi ya kwanza kwa alama 95.3, sawa na Jovito Salonga, ambaye naye alikuja kuwa seneta na mpinzani wa Marcos. Ule uhasibu usiuchukulie kama pambo la wasifu. Ulimfanya wakili anayeanza na karatasi: nani alitia saini, tarehe gani, kwa idhini ya nani.

Karatasi hizo ndizo zilizompa jina, na ndizo zilizompa somo chungu. Desemba 1961 Rais Diosdado Macapagal aliingia madarakani, na Diokno akawa Waziri wa Sheria. Machi 1962 maofisa wake walivamia kampuni za Harry Stonehill, tajiri wa Kimarekani aliyekuwa na viwanda na biashara kadha wa kadha Manila, wakatoka na marundo ya nyaraka zilizowagusa wanasiasa wakubwa. Miezi miwili baadaye Diokno alikuwa ameondolewa uwaziri, na mwaka huohuo Stonehill akafukuzwa nchini badala ya kushtakiwa. Diokno aliuliza hadharani serikali itawashtakije waliohongwa ikiwa imemwachia aliyehonga aende zake.

Hadithi nyingi za maisha yake huishia hapo. Mwanafunzi wa sheria asiishie hapo. Stonehill na wenzake walikwenda Mahakama ya Juu kupinga upekuzi ule, na shauri likaitwa Stonehill dhidi ya Diokno. Zilitumika hati 42 za upekuzi, nazo zilitaja kosa kwa ujumla tu: uvunjaji wa sheria za Benki Kuu, za forodha, za kodi na za jinai. Hakuna tendo mahususi lililotajwa, wala vitu mahususi vya kutafutwa. Tarehe 19 Juni 1967 mahakama ilisema hati za namna hiyo ni batili, na vilivyochukuliwa kwenye nyumba za watu haviwezi kutumika kama ushahidi dhidi yao. Nyaraka za ofisi za kampuni ziliwaponyoka waombaji kwa sababu nyingine: kampuni ni mtu tofauti kisheria, na wao binafsi hawakuwa na haki ya kulalamika kwa niaba yake. Hukumu hiyo ilifuta msimamo wa zamani uliokubali ushahidi hata kama umepatikana kwa njia haramu. Kwa hiyo kinga kubwa ya Mfilipino dhidi ya upekuzi holela imebeba jina la Diokno kwa upande wa aliyeshindwa. Mawakili wa haki za binadamu wameitumia kanuni hiyo tangu wakati huo kila polisi anapoingia nyumba ya mtu na hati isiyotaja kitu.

Mwaka 1963 alichaguliwa seneta kwa tiketi ya chama cha Nacionalista, akarudi tena mwaka 1969. Nayapita haraka mambo ya bungeni, maana swali lako haliko huko. Jambo moja lina uzito. Tarehe 21 Agosti 1971 mabomu ya mkono yalirushwa kwenye mkutano wa kampeni wa upinzani pale Plaza Miranda, na Marcos akasimamisha haki ya habeas corpus, yaani amri ya mahakama inayomtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamshikilia kwa sheria ipi. Diokno, ingawa alikuwa chama kimoja na Marcos, alijiuzulu chama na kuongoza vuguvugu la raia la kutetea uhuru wa watu. Aliona mapema kwamba mlango huo ukifungwa, haki zote nyingine zinabaki maandishi matupu, kwa sababu hakuna pa kuzidai mtu akiwa kizuizini.

Marcos alitia saini Tangazo namba 1081 la sheria ya kijeshi tarehe 21 Septemba 1972. Alfajiri ya tarehe 23 askari walifika nyumbani kwa Diokno bila hati ya kukamata, wakamchukua. Alikaa kizuizini siku 718, mpaka tarehe 11 Septemba 1974, siku ya kuzaliwa ya Marcos. Muda wote huo hakushtakiwa kwa kosa lolote.

Hapa zingatia utaratibu, maana unahusu kazi yako moja kwa moja. Aliyepeleka ombi la habeas corpus ni mkewe, Carmen, na mjibu maombi alikuwa Juan Ponce Enrile, Waziri wa Ulinzi. Hilo si jambo dogo. Aliyeko ndani hawezi kutia saini wala kula kiapo, na mara nyingi hata wakili haruhusiwi kumwona, kwa hiyo ombi hubebwa na mke, mama, ndugu au rafiki. Anayejibu anatakiwa awe mtu mwenye mamlaka ya kumtoa. Ukimtaja mlinzi wa lango peke yake, atajibu kwamba yeye hana mfungwa, na atakuwa amesema kweli. Ukimtaja mkubwa peke yake, atasema hana habari za kambi ile. Wataje wote wawili, na kila aliye kati yao kwenye mnyororo wa amri.

Machi 1973 Diokno na seneta mwenzake Benigno Aquino walifungwa macho, wakatiwa pingu na kupelekwa kwa helikopta hadi Fort Magsaysay, Laur, katika jimbo la Nueva Ecija. Kila mmoja alifungiwa peke yake kwa takriban mwezi mzima, madirisha yamezibwa, saa, pete na miwani vimechukuliwa. Familia hazikuambiwa walikopelekwa. Zilirudishiwa tu vitu vyao, na unaweza kufikiri mke anaelewa nini anapokabidhiwa nguo na miwani ya mumewe bila neno. Carmen Diokno na Corazon Aquino walikwenda Mahakama ya Juu kudai haki ya kuwaona waume zao. Dai hilo halikuomba waachiwe. Liliomba waonwe, na dai dogo la namna hiyo lina nguvu yake: jaji mwoga asiyethubutu kumwachia mtu huru anaweza kuthubutu kuamuru aonwe na mkewe, na mtu aliyeonwa ni vigumu zaidi kumpoteza.

Wakati huohuo ombi kuu lilikuwa limelala. Machi 1973 Mahakama ya Juu, katika shauri la Javellana, ilisema hakuna tena kizuizi cha kimahakama kwa katiba mpya ya Marcos kutumika, na baadaye majaji wakala kiapo cha kuitii. Mwishoni mwa Desemba 1973, akiwa bado ndani na akiwa hajui atatoka lini, Diokno aliomba kuliondoa ombi lake. Alisema waziwazi kwamba haamini tena anaweza kupata haki hapo, kwa kuwa majaji wameapa kuitumikia katiba iliyopitishwa kinyume cha sheria, na kwamba wamemwacha zaidi ya mwaka mmoja bila kesi wala jibu. Ombi hilo la kujiondoa liliwachoma majaji hata wakagawanyika kulijadili. Hukumu ya Aquino dhidi ya Enrile ilitoka tarehe 17 Septemba 1974, siku sita baada ya Diokno kuachiwa, ikakubali uhalali wa sheria ya kijeshi na kusema shauri lake yeye limekwisha kwa kuwa ameshatoka.

Mtu aliyetendewa hivyo na mahakama angeweza kuiacha kabisa. Diokno alitoka Septemba, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanzisha, pamoja na Lorenzo Tañada, Joker Arroyo na mawakili wengine, chama cha mawakili wa bure kinachojulikana kwa kifupi kama FLAG. Wateja hawakulipa ada. Wengi walikuwa wafungwa wa kisiasa, wakulima waliofukuzwa mashambani, wakazi wa mitaa ya mabanda, wafanyakazi waliogoma.

FLAG haikufanya kazi peke yake. Mwaka huohuo wa 1974 wakuu wa mashirika ya watawa wa Kikatoliki waliunda kikosi cha kuwahudumia wafungwa, TFDP, ambacho kwa miaka mingi kiliongozwa na Sista Mariani Dimaranan, naye mwenyewe aliwahi kuwa mfungwa wa kisiasa. Mgawanyo wao wa kazi unafaa kuigwa. Watawa na wafanyakazi wa TFDP waliweza kuingia magerezani kwa jina la huduma ya kiroho na chakula, wakahesabu watu, wakaandika majina, tarehe na majeraha. Mawakili walizichukua taarifa hizo na kuzigeuza hati za kiapo. Wakili peke yake, hata awe hodari vipi, hawezi kuzunguka kambi zote, na mtembeleaji peke yake hawezi kumfikisha kamanda mahakamani. Ujumbe wa Amnesty International uliofika Ufilipino mwaka 1975 ulihoji wafungwa 107, na 71 kati yao walieleza kuwa wameteswa. Ripoti ilipotoka mwaka 1976 serikali ilijibu kwa hasira, lakini majina, kambi na tarehe vilikuwa vimekwisha kuandikwa.

Sasa tuje kwenye fikra yake ambayo naiona kubwa kuliko zote. Diokno alitofautisha msaada wa kisheria wa kawaida na ule alioutaka FLAG iutoe, yaani msaada wa kisheria wa kimaendeleo. Ule wa kawaida humwona maskini mmoja mwenye kesi moja. Wakili anaibeba, anashinda au anashindwa, mteja anarudi alikotoka, na kesho jirani yake anakuja na shida ileile. Msaada aliouhubiri Diokno unauliza kwanza kwa nini shida inajirudia, ni sheria gani au desturi gani ya ofisi inayoizalisha, na watu wangapi wameguswa. Kesi ya mmoja inaandaliwa kama kesi ya kijiji. Wateja wanafundishwa sheria inayowahusu, wanaamua pamoja na wakili hatua ya kufuata, na wanafanya sehemu ya kazi wenyewe: kukusanya mashahidi, kuhifadhi nyaraka, kuhudhuria mahakamani kwa wingi. Sambamba na kesi kuna njia ambazo mawakili wa FLAG waliziita za nje ya mahakama lakini zisizokatazwa na sheria, kama maandamano ya amani, barua za pamoja, mikutano na waandishi wa habari, au ujumbe kwa mfadhili wa mradi. Wasaidizi wa kisheria kama wewe ndio mhimili wa mpango huo. Diokno hakuwaona kama makarani wa wakili.

Mfano ulio wazi ni mto Chico, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Serikali ilipanga mabwawa manne ya umeme ambayo yangezamisha vijiji, mashamba ya mpunga ya ngazi na makaburi ya Wakalinga na Wabontoc, na ilitegemea fedha za Benki ya Dunia. Diokno na Tañada waliwatetea wenyeji bila malipo. Kisheria wenyeji walikuwa dhaifu sana, kwa kuwa hawakuwa na hati miliki ambazo serikali ingezitambua. Nguvu yao ilikuwa umoja wa vijiji kupitia mapatano yao ya jadi ya amani, na sauti iliyofika hadi kwa wafadhili. Tarehe 24 Aprili 1980 askari walimpiga risasi Macli-ing Dulag, mzee aliyekuwa sauti kubwa ya upinzani, nyumbani kwake Bugnay. Kifo chake kiliongeza upinzani badala ya kuuzima, na mabwawa yale manne hayakujengwa kama yalivyopangwa. Ungeusubiri ushindi huo kwenye hukumu ya mahakama, usingeuona.

Nirudi kwenye kushindwa, kwa sababu uliuliza kwa dhati. Marcos aliondoa sheria ya kijeshi kwa jina tarehe 17 Januari 1981, lakini akabaki na uwezo wa kumweka mtu ndani kwa amri yake ya rais. Julai 1982 watu 14 walikamatwa Bayombong, Nueva Vizcaya. Ombi lao, linaloitwa Garcia-Padilla dhidi ya Enrile, lilitupwa Aprili 1983: mahakama ilisema amri ya rais ya kumweka mtu kizuizini haichunguzwi na jaji. Mei 1985 ikawa zamu ya mawakili wenyewe. Laurente Ilagan alikamatwa Davao. Antonio Arellano, aliyekwenda kumwona pamoja na mawakili wenzake, naye akazuiwa hukohuko, na siku chache baadaye Marcos Risonar akakamatwa vilevile. Wote walikuwa mawakili wa FLAG. Mahakama iliamuru waachiwe kwa muda, jeshi halikuwaachia, na badala yake wakafunguliwa haraka mashtaka ya uasi. Oktoba 1985 mahakama ikasema kwa kuwa sasa wameshtakiwa, habeas corpus haina tena kazi.

Utaona mbinu tatu za serikali, na zote zipo hata leo katika nchi nyingi. Ya kwanza ni kukana: hatunaye. Ya pili ni amri ya juu isiyohojiwa. Ya tatu ni kufungua mashtaka baada ya ombi kupelekwa, ili shauri life lenyewe. Wakili asiyezitarajia hushangaa kila mara. Anayezitarajia huandaa ombi lake hivi kwamba hata likianguka liwe limeacha kitu: tarehe ya kukamatwa iliyokwisha kukubaliwa na upande wa pili, jina la kikosi, ripoti ya daktari, maelezo ya mteja kuhusu alivyoteswa yaliyotolewa kwa kiapo.

Na kulikuwa na majaji walioandika maoni pinzani. Claudio Teehankee alipinga katika shauri la Garcia-Padilla na tena katika lile la Ilagan. Cecilia Muñoz-Palma naye alitofautiana na wenzake katika mashauri kadhaa ya miaka ya 1970. Wakati ule maandishi yao yalionekana hayana faida. Februari 1986 umati wa watu ulijaa barabara ya EDSA, Marcos akakimbia nchi, na mwaka huohuo Teehankee akawa Jaji Mkuu huku Muñoz-Palma akiongoza tume iliyoandika katiba mpya. Bila mawakili waliopeleka maombi ya kushindwa, majaji hao wasingekuwa na mahali pa kuandika hayo waliyoyaandika.

Isome katiba ya Ufilipino ya 1987 ukiwa na orodha ya kesi zilizoshindwa mkononi, utaona kila kipengele kinajibu kesi. Rais akitangaza sheria ya kijeshi au kusimamisha habeas corpus, haizidi siku 60 bila bunge kuongeza muda, na ndani ya saa 48 lazima aripoti bungeni. Raia yeyote anaweza kuipeleka Mahakama ya Juu, na mahakama lazima iamue ndani ya siku 30, ikichunguza kama sababu zilizotolewa ni za kweli. Aliyekamatwa wakati habeas corpus imesimamishwa ashtakiwe mahakamani ndani ya siku tatu, la sivyo aachiwe. Dhamana haipotei hata hapo. Vizuizi vya siri na vya upweke vimepigwa marufuku, na maelezo ya kukiri kosa yaliyotolewa kwa mateso hayapokelewi. Hakuna mtu kuzuiliwa kwa sababu ya imani yake ya kisiasa peke yake. Na mahakama za kijeshi kuhukumu raia, jambo lililobarikiwa mwaka 1975, lilikataliwa na Mahakama ya Juu yenyewe tarehe 22 Mei 1987 katika shauri la Olaguer, ambalo nalo lilikuwa limefunguliwa zama za Marcos.

Diokno hakuiona hukumu ya Olaguer. Tangu 1984 alikuwa na saratani. Hata hivyo Machi 1986 Corazon Aquino, sasa akiwa rais baada ya Marcos, alimweka kuongoza Kamati ya Rais ya Haki za Binadamu, iliyopewa kazi ya kuchunguza uovu wa zamani na wa sasa uliofanywa na watumishi wa dola, na akapewa pia kazi ya kuongoza upande wa serikali katika mazungumzo na waasi. Mwaka huo Ufilipino iliridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya mateso na ule wa haki za kiraia na kisiasa, na mafunzo ya haki za binadamu kwa askari yakawekwa katika amri ya rais. Udhaifu wa kamati ulikuwa uleule wa tume nyingi za aina hii duniani: iliweza kuchunguza, haikuweza kushtaki. Tume ya Haki za Binadamu iliyoirithi imebaki na udhaifu huo, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haina mamlaka ya kuamua mashauri.

Tarehe 22 Januari 1987 wakulima waliandamana kudai ardhi hadi daraja la Mendiola, karibu na ikulu. Vikosi vya usalama vikafyatua risasi, na tume ya uchunguzi ikathibitisha vifo 12. Serikali hii ilikuwa ya watu wake, ya mjane wa Aquino aliyefungwa naye Laur. Diokno alijiuzulu nyadhifa zake zote mbili kwa kupinga. Alifariki nyumbani tarehe 27 Februari 1987, siku moja baada ya kutimiza miaka 65. Kwa maoni yangu kujiuzulu huko ndiko kunakomtofautisha na wengi waliopinga udikteta kisha wakanyamaza marafiki zao walipoingia ikulu.

Kuhusu mbinu ya kwanza, ile ya kukana, dawa ilichelewa miaka ishirini. Oktoba 2007, wakati wanaharakati walipokuwa wakiuawa na kutoweka kwa wingi, Mahakama ya Juu ilianza kutumia kanuni ya hati ya amparo. Tofauti yake na habeas corpus iko kwenye jibu: ofisa wa serikali haruhusiwi kusema «hatunaye» na kukaa kimya. Lazima aeleze hatua alizochukua kumtafuta mtu, na lazima athibitishe alifanya bidii isiyo ya kawaida. Haruhusiwi kujificha nyuma ya dhana kwamba kazi ya serikali huchukuliwa kuwa imefanywa kihalali. Mahakama inaweza kuamuru kambi ikaguliwe, nyaraka zitolewe, na shahidi alindwe. Ndugu wawili wa Bulacan, Raymond na Reynaldo Manalo, waliotekwa Februari 2006 na kutoroka Agosti 2007, walipata hukumu ya kwanza kubwa ya Mahakama ya Juu chini ya kanuni hiyo mwaka 2008. FLAG nayo ingali hai, na kwa miaka mingi iliongozwa na mwanawe Diokno, Jose Manuel. Oktoba 2017 ilipinga mahakamani waraka wa polisi uliokuwa msingi wa vita ya Rais Duterte dhidi ya dawa za kulevya, na mwaka 2019 mahakama ikaamuru nyaraka za polisi kuhusu mauaji hayo zikabidhiwe kwa waombaji. Ni kazi ileile ya karatasi.

Kwa ofisi ndogo kama yenu, ningeanza na fomu moja ya ukurasa mmoja, ijazwe siku hiyohiyo ndugu anapokuja kusema mtu wake amechukuliwa. Saa na mahali alipokamatwa. Alikuwa amevaa nini. Waliomchukua walikuwa wangapi, wenye sare au hawana, walisema wametoka kituo gani. Namba za gari, hata kama ni tarakimu mbili tu. Nani aliona kwa macho yake na nani alisimuliwa. Maradhi aliyonayo na dawa anazotumia. Alionekana wapi mara ya mwisho na nani aliyemwona. Walioona kwa macho waandike kila mmoja peke yake, kwa maneno yake, kabla hawajakaa pamoja na kusawazisha hadithi, maana maelezo yanayofanana neno kwa neno huvunjwa dakika tano za maswali. Nenda kituoni na barua mbili, moja ya kupokelewa na moja ya kugongwa muhuri. Wakikataa kugonga, andika papo hapo jina au namba ya aliyekataa na saa, na aliyefuatana nawe atie saini. Hiyo nayo ni ushahidi. Mwombaji achaguliwe yule asiyetishika haraka, kwa kuwa wa kwanza kutembelewa usiku atakuwa yeye, na mpango wa usalama wake upangwe kabla ombi halijasajiliwa. Nakala ya jalada isikae ofisini peke yake.

Omba makubwa na madogo kwa pamoja: aachiwe, kama haachiwi, ashtakiwe, kama bado, aonwe na wakili, daktari na mke. Na ikifika siku ambayo ombi linawasaidia tu wenye mamlaka kuonyesha kwamba mahakama zipo wazi, zungumza na mteja na familia yake, wao ndio waamue, na kama wanataka kuliondoa, sababu ziandikwe kwa ukamilifu ndani ya maombi yenyewe ya kuliondoa. Ya Diokno yanasomeka mpaka leo kwa kuwa aliziandika.